Verlyn Haugen na Fidia ya Ndama wa Theluji

Marehemu Verlyn Oskar Haugen alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 shambani kwa wazazi wake, Palmer na Inga Haugen, Kaunti ya Brekke, Dakota Kusini, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi ninayesoma, Ardis. Nilikuwa na miaka sita. Siku hiyo nilihamishwa chumba.

Alimaliza sekondari mwaka 1969. Miaka miwili kabla, ndama wake alishinda utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, kwenye maonyesho ya mifugo ya kaunti. Wangu majaji walimpita tu.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa Noreen Stadheim. Maisha yake yote alifuga ng'ombe wa nyama, na shamba lake lilipakana na letu, mimi na marehemu mume wangu Clifford.

Yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika.

Aprili 2009 theluji ilipiga siku mbili mfululizo. Ng'ombe walirundikana kwenye uzio, wakafa. Sisi tulifukia mizoga yetu upesi, hatukuvumilia kuitazama. Verlyn alipiga picha kila mzoga na kukata hereni yake ya sikioni yenye namba. Serikali ilipotoa fidia ya maafa, yeye alilipwa. Sisi tuliambiwa hatuna ushahidi. Akaezeka paa jipya jekundu. Nikiosha vyombo, nalitazama lile paa, roho inaniuma. Nikaiandikia ofisi ya kilimo barua isiyo na jina: Verlyn Haugen amezidisha hesabu ya ndama waliokufa kwa kumi na wanne.

Mkaguzi alikuja. Verlyn alimwaga ndoo ya hereni mezani, wakahesabu. Haikupungua hata moja. Jumapili iliyofuata alinishika mkono nje ya kanisa.

"Dada, ile barua ungetia sahihi tu."

"Barua gani?"

"Acha hizo. Idadi ya ndama wangu tunaijua wawili: mimi, na wewe uliyenisaidia kuwavisha hereni."

"Basi kanishitaki!"

"Kwa nani, na mama ameshakufa?"

Hakulitaja tena. Ukame wa 2012 ulipounguza malisho, alikuja na kamera yake bila kuitwa, akapiga picha ardhi yangu iliyopasuka, akakusanya risiti za majani niliyonunua, akanipeleka ofisini na kukaa nami hadi fomu ya mwisho. Nililipwa. Nikarudi nyumbani nikilia kwa hasira, maana sasa hata kwa wema alikuwa amenizidi.

Septemba mwaka jana alipatikana na saratani ya kongosho. Hospitalini alilazwa kitanda cha dirishani, penye jua.

"Pazuri siku zote unapata wewe," nikamwambia.

Alicheka hadi akakohoa. "Hiki usinionee wivu, dada."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2024, Noreen akiwa amemshika mkono. Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilidhani ipo wiki nyingine.

Ameacha mjane, Noreen, watoto wawili, Karsten na Solveig, wajukuu watano, na dada mmoja.

Mungu amlaze pema mdogo wangu. Noreen, najua haya umeyasikia leo kwa mara ya kwanza. Nitabaki hapa kando ya kaburi hadi watu wote waondoke, uniambie lolote utakalo.