Vidole vya Méthode, Glavu za Pontien

Wapendwa mliotoka Albert Park, Point na Morningside, mitaa yote ya Durban, kuja kumsindikiza ndugu yetu, mimi ni Barthélemy Kanyinda, mdogo wake marehemu, wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu leo habari za ugonjwa zitakuwa ndefu kuliko habari za harusi, na kwa sababu yuko mtu amesimama nje, ng'ambo ya barabara karibu na robot, zile taa za kuongozea magari, ambaye baadhi yetu tumemzuia kuingia humu, na kabla jeneza halijainuliwa ni lazima tujue kama tulikuwa na haki ya kumzuia.

Marehemu Méthode Kanyinda alizaliwa tarehe 11 Februari 1951, mjini Likasi, ambao Wabelgiji wakati huo waliuita Jadotville, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kanyinda, fundi wa reli, na mama Valérie, ambao wote wametutangulia. Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Likasi kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha sekondari mjini Lubumbashi hadi 1970, na huko padri mmoja mzee alimkalisha mbele ya piano, akamfundisha Chopin na Schumann, na kwa bahati mbaya akamfundisha pia hadithi zao. Kaka yangu alizijua hadithi hizo kama wengine wanavyojua ukoo wao, nani aliharibu kidole chake kwa mazoezi, nani alirukwa na akili, nani alikohoa hadi kaburini huku akitunga, naye akaamini kwamba muziki mzuri hauji ila kwa mateso, imani ambayo mimi niliichukia tangu zamani na leo naichukia zaidi.

Mwaka 1972 aliajiriwa kufundisha muziki katika shule moja ya sekondari Lubumbashi, akaifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, na waliopita mikononi mwake wanalikumbuka neno lake la kila siku, "Mkono wa kuume unajisifu tu, wa kushoto njo unabeba," yaani wa kushoto ndio unaobeba.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Colette Ngalula, aliyemwona katika kwaya ya kanisa kuu, na siku ya harusi, wageni wakisubiri rumba, bwana harusi aliketi kwenye piano na bibi harusi akasimama kuimba nyimbo za Schubert kwa Kijerumani, lugha ambayo wote wawili hawakuijua hata salamu, mpaka mjomba wetu akauliza kwa sauti kama kuna mtu amekufa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mireille aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1979, na Hardy aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1984.

Mwaka 1993, majirani wa miaka yote walipoanza kuulizana baba yako ni wa wapi, nasi baba yetu alikuwa wa Kasai, na watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa, familia iliondoka Lubumbashi bila kuaga, ikapita mpakani Kasumbalesa na Lusaka, ikafika Durban tarehe 8 Juni 1994. Profesa wa Lubumbashi, kama kwetu tunavyowaita walimu wa sekondari, alianza maisha mapya kwa kulinda magari kule Point, hadi Machi 1995, hoteli moja ya ufukweni ilipompa kazi ya kupiga piano jioni, na hapo ndipo alipomkuta bwana Pontien, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akipiga mchana katika kiti hicho hicho. Watu wawili kupokezana kiti kimoja si jambo rahisi, lakini hawa walipatana, na mwaka 1996 bibi mmoja wa Morningside alipompa kaka yangu piano yake kuukuu, lifti ya jengo letu ikiwa imekufa kama kawaida yake, Pontien ndiye aliyeshika upande wa kushoto, wa nyuzi nene, akaupandisha ngazi kwa ngazi hadi ghorofa ya nne, sisi wengine tukihema na kumtania.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Januari 1998 marehemu alianza kukohoa, tukamwambia aende kliniki, naye akacheka, akasema, "Chopin naye alikohoa. Sasa inabakia tu nipige kama yeye." Tulicheka pamoja naye, na kikohozi hakikucheka, hadi tarehe 20 Aprili alipopimwa na kukutwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao zama za Chopin haukuwa na dawa, na leo una dawa, tena ya bure, vidonge vya miezi sita tu. Mama Colette alimpa vidonge hivyo kila asubuhi pamoja na uji, akamwangalia akivitia mdomoni.

Mwezi Juni vidole vyake vilianza kufa ganzi, akawa anagusa piano asijue kama amegusa, lakini sisi alituambia ni baridi tu, naye Pontien, kwa kumwonea huruma mwenzake, akamletea glavu za sufu. Ndugu zangu, shikeni mpangilio huu, kwanza ganzi, kisha glavu, kwa sababu mtaani watu waliugeuza, wakasema kwanza glavu, kisha ganzi, na kwamba Pontien, aliyekuwa sasa akipiga mchana na jioni pia, alikuwa amezitia dawa ili abaki na kiti peke yake. Shangazi zetu walizichukua glavu zile wakazichoma, Pontien akafukuzwa mlangoni petu, watu wakaacha kumpa mkono, na kaka yangu aliyaona yote hayo, akanyamaza.

Kuanzia Agosti vidole vilipata uhai, akarudi hotelini, akapiga vizuri kuliko tulivyowahi kumsikia, na shangazi zetu wakasema mnaona, tumechoma uchawi. Lakini Desemba alianza kutema damu, na tarehe 14 Januari 1999 akalazwa, na wiki hiyo hiyo Hardy alipojaribu kupiga piano ya baba yake, sauti nzito zikawa zinakwaruza, mimi na mama Colette tukaufungua ubao wa chini, tukakuta vidonge, vingi, vingine vimeanza kuyeyuka na kunata kwenye nyuzi. Tangu vidole vilipokufa ganzi, kila asubuhi alikuwa akivificha chini ya ulimi, akinywa uji wake, kisha akienda kufanya mazoezi.

Tulipomuuliza alilia, akasema dawa ilikuwa inamwibia vidole, na kwamba kati ya mapafu na vidole alichagua vidole. Muuguzi aliposikia alishika kichwa, akatueleza kwamba ganzi ile inajulikana, kwamba kuna kidonge kidogo cha vitamini cha kuizuia, nao wangempa siku ile ile kama angefungua mdomo. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeshazizoea dawa, madaktari walijaribu nyingine, zikashindwa, na marehemu akafariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 18 Machi 1999, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Wapo katika familia walioniomba niandike "baada ya kuugua kwa muda mrefu" na kupita. Nimekataa, na si kwa ukaidi wangu, kwa maana wiki mbili kabla ya kifo marehemu alinishika mkono akaniambia, "Njo mie niliacha dawa. Pontien hana kosa. Niliogopa Colette atajua, nikaacha wamutukane mwenzangu. Usome mbele ya batu bote." Nilimpenda kaka yangu, na namkasirikia hata sasa nikiwa nimesimama kando ya jeneza lake, kwa sababu hakufa kwa uchawi wala kwa muziki, amekufa kwa kuona aibu kumwambia muuguzi kwamba vidole vimekufa ganzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hata baada ya yeye mwenyewe kuwaficha, majirani wa ghorofa ya nne waliotupikia na kulala nasi sakafuni tangu msiba ulipoingia, wafanyakazi wenzake wa hoteli, na wanakwaya wote. Shukrani ya mwisho, na pamoja nayo msamaha tunaouomba kwa jina la ukoo mzima wa Kanyinda, ni kwa bwana Pontien, na namwomba mama Colette, ambaye ameafiki kila neno la karatasi hii, atoke sasa amlete mwenyewe kwa mkono. Mshikio wa mbele kushoto wa jeneza hatujampa mtu, ni wake, na halitainuliwa bila yeye. Kaka Méthode, subiri kidogo, mwenzako akishavuka barabara ndipo upumzike kwa amani.