Hukumu Iliyobaki kwa Jaji

Tulikuwa katikati ya maji kwenye feri ya Likoni. Dereva wa gari moja jeusi aliteremsha kioo, akamwambia mama aliyesimama ubavuni na bahasha ya mahakama kwamba anakwenda Diani kumchukua jaji mstaafu. "Siku hizi anasuluhisha kesi za makampuni, mama. Hotelini, na chai mezani."

Mama akauliza jina. Alipolisikia akainua ile bahasha.

"Huyo ndiye aliyesikiliza kesi yangu ya shamba miaka sita. Akastaafu kabla ya kusoma hukumu. Jaji mpya ataka mashahidi waje tena. Aliyejua nani alipanda ile minazi ya mpakani ni Mzee Mwidani, naye tumemzika mwezi wa Rajabu."

"Lakini mama, umri ukifika lazima mtu apumzike."

"Apumzike wapi, na wewe wamfuata Diani?"

Dereva akacheka peke yake, akasema atamfikishia salamu.

"Salamu zangu usimpe. Muulize tu, mwanangu, alikuwa ashaandika shamba ni la nani?"

Feri ikagusa ng'ambo. Dereva akapandisha kioo, akawasha gari.