Ukuta wa Chumba cha Mapumziko

Mgeni rasmi, mganga mkuu wa hospitali, na viongozi wetu wa dini mlioketi hapo mbele,

Sisi wafanyakazi wa kitengo cha kufulia tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu, na tunakuomba radhi kwa joto la humu ndani. Mashine hatukuzizima kwa sababu wodi ya upasuaji inasubiri mashuka.

HISTORIA

Tuko watu kumi na wanane, na chumba cha mapumziko ni kimoja. Humo tunakunywa chai, wengine tunaswali, wengine tunasoma Biblia, na mzee wa boila, ule mtambo wa kuchemshia maji, huchapa usingizi. Kila asubuhi kabla ya kazi, mmoja wetu huchota karatasi kwenye kopo na kuwasomea wenzake. Kila karatasi ina fundisho jema ambalo mwenzetu mmoja amelipata kwenye imani yake. Sharti ni moja tu: usiandike nani kalisema. Utaratibu huu tuliachiwa na msimamizi wetu aliyestaafu, aliyechoshwa na ubishi wa dini ya nani ni bora.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu makubwa mwaka huu yalianza na ugomvi, na hatuoni haya kusema. Karatasi moja ilisema tusimtendee mwenzetu lile tusilopenda kutendewa. Mama Pasi, mtu wa kanisani, akasema, "Hilo la kwetu kabisa, nimefundishwa tangu mdogo." Dada wa cherehani, Mwislamu, akaruka juu: "La kwenu tangu lini? Hilo katufundisha Mtume!"

Hao wawili ndio hukunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake. Wakanuniana wiki mbili nzima. Shuka la hospitali halikunjiki kwa mtu mmoja, basi mashuka yakarundikana hadi dirishani. Uongozi uliposikia, ukaona dawa ni ukuta: nusu ya chumba kwa hawa, nusu kwa wale.

Wale wawili wakaenda kushtaki, kila mmoja kwa kiongozi wake wa dini. Shehe akamwambia dada wa cherehani, "Ni letu, mwanangu, na wenzetu wanalo pia." Mama Pasi akapata jibu hilohilo kwa mchungaji. Daktari wa watoto, muumini wa dini ya Budha, alikuja kufoka kwa kukosa mashuka. Aliposikia kisa akabaki kucheka: kwao lilifundishwa karne nyingi kabla ya makanisa na misikiti.

Ndipo tukautazama mwandiko. Ulikuwa wa mzee wa boila, ambaye haendi kanisani wala msikitini, anafuata mila za wazee wake.

"Bibi yangu ndiye alinifundisha," akasema. "Kitabu hakuwahi kukishika maisha yake yote. Sasa nyie mnagombania cha bibi yangu?"

Tulicheka mpaka machozi. Mashuka yote yakakunjwa siku hiyohiyo.

CHANGAMOTO

Sisi tukapatana, lakini bajeti ya ukuta ilikuwa imeshapita, na leo umeletwa uweke tofali la kwanza. Tunaogopa, mgeni rasmi. Ukuta ukisimama, kopo litakaa upande gani? Na mzee wa boila, asiye wa huku wala kule, atakunywa chai wapi?

MAOMBI

Tunaomba chumba kibaki kimoja. Matofali hayo yajenge benchi nje ya wodi ya watoto, akina mama wanaouguza wasikae tena sakafuni.

Limebaki jambo moja. Dini zetu zote zinakataza uongo, kwa hiyo tunakiri. Fundi ujenzi anatafuta mwiko wake tangu asubuhi, jasho linamtoka. Asilaumiwe. Tumeuficha sisi, wote kumi na wanane, ndani ya kapu la mashuka safi, na shehe na mchungaji wanajua. Ukisema benchi, tunautoa sasa hivi.

Mungu anayetusikia sote, kila mtu kwa jina analomwitia, akujalie afya na akurudishe salama kwa wanao.

Ni sisi wako,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Kufulia, wa chumba kimoja.