Mupira Nilioufunga kwenye Musumeno

Firmin, zima ile redio. Bertille, mwanangu, niongezee muto mugongoni. Na wewe Siméon, ndugu yangu, ingia ndani. Hii ni nyumba yetu, si biro ya serikali ungoje mulangoni. Kaeni wote, musinikatize, maana pumzi niliyo nayo inatosha kusema mara moja tu.

Firmin, tangu nilale hapa unauliza habari ya musumeno wa umeme. Haya, ni wako, na atelie yangu ya useremala kando ya muto Lukuga mutagawana na dada yako bila kelele. Lakini hutachomeka waya kwenye prizi kabla ya kusikia namna ule musumeno ulivyokula mukono wa huyu baba yenu mudogo, kwa sababu munachokijua ni uongo, na uongo huo mimi njo niliutunza.

Muji muzima unasema Siméon alikunywa lutuku akajikata. Kwenye kwaya walimuondoa. Kule Mpala wazee walimukataa binti yake Christiane, wakisema hawaoi kwa mulevi, na mimi niliketi palepale na suti yangu ya abacost, ninatikisa kichwa kama muntu mwenye huruma. Aibu yangu, wanangu!

Ule musumeno nilinunua kwa Mugiriki aliyekuwa anafunga duka arudi kwao, na nilijivuna nao hata nikajiona ninaujua kuliko aliyeutengeneza. Kile kifyatuo cha kidole, ukikiachia unasimama. Wameweka vile kwa makusudi. Mimi kidole kilinichoka, basi nikakata mupira wa ndani wa baiskeli, nikakifunga, musumeno ukae unanguruma wenyewe. Maseremala wote wa hapa tulifanya hivyo, na tuliwacheka waliokataa.

Jumamosi moja, watu wamekwenda salongo, ile kazi ya lazima ya wote, kufyeka barabara, sisi wawili tulikuwa tunakata gogo la muvule. Umeme ukakatika. Munaujua umeme wetu, unakwenda na kurudi unavyotaka. Nikaweka musumeno juu ya gogo, sikuchomoa waya, sikufungua mupira, nikaenda zangu kutafuta tumbaku. Siméon, chai tu tumboni, akainama kugeuza gogo. Umeme ukarudi.

Nilikimbia, nikachomoa waya. Hilo lilikuwa sawa. Lakini kabla ya kuzuia damu ya ndugu yangu, Mungu anisamehe, nilifungua ule mupira nikautia mufukoni. Kisha njo nikamufunga mukono kwa shati langu. Watu walipofika wakauliza, alikuwa amekunywa? Nikanyamaza. Yeye alikuwa amezimia, na kunyamaza kwangu kukatosha.

Basi Firmin, umeme ukikatika, chomoa waya kwanza, hata kama ni dakika moja, hata kama wanakuita kula. Shika kwa mikono miwili siku zote, waya ukae nyuma yako, na mvua ikianza acha kazi. Ile ncha ya mbele usiguse nayo muti, itakurukia usoni. Ukitaka kuangusha muti, tafuta kwanza pa kukimbilia wewe. Na kidole kikichoka, pumzika, baba; mbao zitangoja.

Bertille, chini ya kitanda kuna kikopo. Kifungue. Ndiyo, ni huo mupira, ushike tu. Miaka kumi na moja nimelala juu yake. Muupeleke Mpala, muwaambie wale wazee mbele ya watu wote, baada ya misa, wasikie kwamba Siméon hakunywa. Kisha muutundike juu ya prizi ya atelie, na atakayeuliza muambieni jina langu.

Maji kidogo... asante.

Siméon, mbona hushangai? Niangalie. Uliniona? Siku ile, kabla hujazimia, uliniona nikiutia mufukoni? ... Na ukabeba miaka yote hiyo? ... Unasema ati watoto wangu walikuwa wadogo, wangekula nini kama watu wangeacha kuleta kazi. Ee, ndugu yangu. Ee, mama yetu we.

Wanangu, mumesikia. Nilitaka kuwabariki, lakini... baraka yenu iko kwake. Pigeni magoti mbele yake, wote wawili. Siméon, usitumie ule mukono muzima. Weka ule uliokatika... juu ya vichwa vyao. Polepole, hatuna haraka. Mungu awatunze, awape... awape mikono mizima.

Na ukimaliza nao... kama unaweza... mimi pia.