Sala Ndefu Mbele ya Pai

Ndani ya basi la kwenda Longbridge, jijini Birmingham, Orpha alikaa nyuma ya watu wawili waliojuana kituo kimoja tu kilichopita, na tayari walikuwa wakigombana.

"Kumbe ni wewe unayeombanga pale mkahawani kwa Doreen!" alisema Mumbua, nesi Mkenya. "Pai yangu ilipoa kabisa. Ningekulaje na mtu anaongea na Mungu?"

Mzee Athanase, Mkongomani, aliinamisha kichwa. Mkahawa ule wa siku nyingi ndio uliompa chakula cha moto cha kwanza alipofika jijini, na sasa Doreen amemwambia afupishe sala au akale kwingine.

"Si useme tu, 'Bariki pai, amina'?"

"Mama, na mwenye alipika nimuache? Na bale bafungwa ba gereza ya Winson Green?"

"Haya, jaribu hapa nikusikie, kabla tushuke kwa Doreen."

Athanase akavua kofia, akafumba macho. Mumbua akafumba. Orpha naye akafumba, malezi ni malezi. Viazi vilishukuriwa tangu shambani. Basi likasimama penye mkahawa. Orpha akausikia mlango ukifunguka, ukifungwa, na basi likiondoka. Athanase ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye mchuzi.