Mwanne na Moshi wa Pilipili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ndugu mliofika hapa Gwata kumsindikiza Mwanne binti Mfaume, haya ndiyo maisha yake.

Alizaliwa Vihingo, Kisarawe, mwaka 1921, wakati wa mavuno ya mpunga, akasoma Kurani kwa Mwalimu Hemedi, na mwaka 1930 mdogo wake, Twalibu, alipolia kichwa, wakubwa walisema, "Mtoto ana kichwa gani cha kumuuma? Kapandwa na pepo huyo," wakamfunika blanketi juu ya chetezo cha pilipili kavu, akakohoa, akatapika, makamasi na matapishi yakamganda usoni, kila akichomoza akasukumwa ndani, mpaka akapiga ukelele, "Kimepona! Kimepona, bibi!" na watu wazima, wenye akili zao, wakapiga vigelegele. Mwanne ndiye aliyemfuta uso, naye Twalibu akamnong'oneza kwamba kichwa bado kinauma, na kesho yake mtoto huyo akazikwa.

Kinyaa kile hakikumtoka, hakula tena pilipili, na kila aliyesema mtoto anayeumwa anadeka tu, Mwanne alimtemea mate miguuni.

Tarehe 14 Mei 1938 aliolewa na Salumu Kibwana, mkulima wa hapa Gwata, wakajaliwa Sikuzani, Adamu na Zena, akawa analima muhogo, na majirani wakamletea watoto wanaoumwa kichwa, naye hakumuuliza mtoto kama amepona, alimpa mkono wake na kumwambia, "Nibane kama kinavyokubana," kisha akampapasa shingo, akauliza amekula nini, ameshinda wapi, aliyepigwa na jua au njaa akapewa maji, uji na kivuli, mwenye homa kali au shingo ngumu akabebwa upesi zahanati.

Mwaka 1947 Sikuzani aliumwa kichwa, mama mkwe, Bi Mwamvita, akapalia makaa na kuandaa pilipili, Mwanne akayamwagia mtungi mzima wa maji. "Mjuaji wewe, utatuulia mjukuu!" alifoka mama mkwe, naye akajibu, "Wa kwetu alikufa kwa moshi huo huo, mama," akambeba mtoto mgongoni hadi zahanati, na Sikuzani huyo tunaye hapa leo.

Desemba 1955 kichwa kilimwanza Mwanne mwenyewe, madaktari wa Dar es Salaam wakasema ni uvimbe, akarudishwa nyumbani, na ulimi ulipokuwa mzito, jamaa zake, inachefua hata kusoma, walileta blanketi na chetezo. Sikuzani akakitupa jalalani pamoja na makaa yake, akaketi kitandani, akampa mkono, "Nibane, mama," naye akabana, hata alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1956, vidole vilipolegea.

Familia inawashukuru madaktari, mashekhe, majirani mliochota maji na kutwanga, na wakulima wenzake mliochimba kaburi. Walioleta chetezo hatuna shukrani kwao, tuna ombi tu, wakirudi makwao wawape watoto mkono.

Mola akulaze pema, Mwanne, pumzika, huko hakuna atakayekulazimisha kusema umepona.