Nyumba ya Kizwite Niliyoikagua Saa ya Misa

Tumsifu Yesu Kristo! Na ninyi wageni wetu wa makanisa mengine, Bwana asifiwe, asibaki mtu hajasalimiwa. Nimehesabu mabenchi mara mbili, yamejaa yote, kwa hiyo nitasema polepole ili wa nyuma nao wanisikie.

Ndugu zangu, wengi mnanijua mimi Baba Editha, mwenye vyumba vya kupangisha kule Mazwi. Mnajua pia kwamba kupatana bei ndiyo kilevi changu. Pombe niliacha. Sigara niliacha. Lakini mtu akinitajia bei, mate hunijaa mdomoni.

Mwaka juzi baada ya mavuno niliuza mahindi yetu yote ya Milanzi. Niliuza na ulezi ambao mke wangu aliutunza kwa ajili ya masomo ya Editha. Nilitaka nyumba ya pili. Akanifuata mtu mmoja, nitamwita Didas kwa kuwa silo jina lake. Akasema ana nyumba ya marehemu kaka yake, iko mtaa wa Kizwite, tofali za kuchoma, na mjane amesharudi kwao Nkasi. Siku ya kuikagua akanipangia Jumapili, saa tatu asubuhi.

Jumapili saa tatu! Katika mji huu hata kuku wanajua watu wako wapi saa hiyo. Mimi nikaona ni busara, hakuna kelele, tutaongea biashara. Misa nikaikacha.

Nikahesabu milango. Minane. Nikarudia, minane. Nikagonga kuta, nikatazama mabati, nikanusa vyoo vya nje. Mlango wa nane ulikuwa na kufuli. "Hiyo stoo tu, kaka," akasema Didas. Lakini dirishani palikuwa na pazia la maua, na kwenye kamba nguo za shule zilipepea kwa upepo ule wa mwezi wa saba. Ndugu zangu, stoo haisomi! Niliona. Nasema kweli mbele ya altare, niliona. Ila nilikuwa nimetaja nusu ya bei yake, naye akakubali bila hata kukuna kichwa. Nani angeuliza habari za pazia wakati huo? Tukapeana mikono: nitalipa Jumatatu ya wiki inayofuata, mbele ya mashahidi wake.

Leo nawaambia, muuzaji akikubali haraka hivyo, hujashinda. Kuna kitu anakiuza pamoja na nyumba, na hujaambiwa ni nini.

Jumamosi yake, jumuiya ilikuwa inasali kwetu kwa zamu. Siku nyingine ningetoroka, lakini mtu hutoroka vipi nyumba yake mwenyewe? Nikakaa karibu na mlango. Mama Vitusi, muuza mchicha, alikuja na mwenzake wa sokoni, mwanamke mwembamba aitwaye Mama Sabina. Sikuwahi kumwona. Yakafika maombi, kila mtu anataja nia yake. Yule mgeni akasimama.

"Naomba mnisaidie kumwombea mtu nisiyemjua," akasema. "Anataka kununua nyumba ninayokaa na wanangu huko Kizwite. Shemeji amesema Jumatatu nitoke. Ee Bwana, umguse moyo. Na kama haguswi, umnyime usingizi."

Watu wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie!" Na mimi niliitikia, ndugu zangu! Mdomo ulishazoea. Nikajiombea kukosa usingizi, kwa sauti kubwa, sebuleni kwangu.

Nikapiga hesabu. Nikinyamaza, hakuna atakayejua hadi Jumatatu. Nikaipiga mara ya pili, jibu likawa lile lile, ila sasa lilinichoma. Mwenyekiti wetu, bibi mmoja mwenye macho makali, akauliza, "Kuna nia nyingine?"

Nikasimama. "Mnayemwombea ni mimi."

Mke wangu akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia. Mama Sabina hakulia wala hakunitukana. Akauliza tu, "Baba, ulikuja lini kuiona?"

"Jumapili. Saa ya misa."

"Ahaa!" akasema bibi mwenyekiti. "Na sisi tulidhani unaumwa."

Walicheka, nami nikacheka, na ndani ya kicheko kile kitu kikafunguka kifuani. Bwana asifiwe!

Lakini ningejitoa tu, Didas angemuuzia mwingine. Kwa hiyo Jumatatu nilienda, mikono mitupu. Nilimchukua Mama Sabina tukapita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaenda naye hadi kwenye nyumba. Didas alipofika na mashahidi wake nikamuuliza: muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi? Barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi iko wapi? Mjane amesaini wapi? Akaniambia mimi siyo mfanyabiashara, ni mwanamke. Nikamwambia anayeuza stoo yenye watoto ndani asinifundishe kazi. Mwenyekiti akasema mhuri wake hautagusa karatasi ile. Ukoo ukakaa, nikaitwa kueleza, nikaeleza yote pamoja na aibu yangu. Mahakama ikamteua Mama Sabina mwenyewe kuwa msimamizi.

Ninyi mnaotafuta nyumba za kupangisha, nisikieni. Ramani na mabati vinaweza kusubiri. Nenda siku wenyewe wapo. Rudi mvua zikianza, uone maji ya mlimani yanapita wapi. Ongea na jirani ambaye hapati chochote kwenye biashara hiyo. Na jicho lako likiona pazia, mdomo wako uulize.

Mimi nyumba ile sikuipata. Mwaka jana nilipotafuta pa kuwekea mahindi, nilipanga chumba kimoja kwa Mama Sabina. Nilikaa kibarazani kwake asubuhi nzima nikimbembeleza apunguze. Hakushusha hata shilingi, na nilirudi nyumbani naimba.

Namshukuru Mungu, aliyeninyima faida ile kabla haijanila. Mwaminini, ndugu zangu. Na wewe unayekwenda kuangalia nyumba wiki hii, piga hodi kila mlango, hata wenye kufuli, kisha usubiri uitikiwe.